Kombe la pauni 100,000, nafasi ya pauni milioni 3

Klabu ikitwaa Kombe la Ligi la Uingereza, zawadi yake ya fedha ni pauni 100,000. Klabu hiyo hiyo ikipanda kutoka nafasi ya 12 hadi ya 11 kwenye Ligi Kuu, mgao wake wa haki za matangazo unaongezeka kwa karibu pauni milioni 3. Kwa mhasibu, kusogea hatua moja katikati ya msimamo ni sawa na kulitwaa kombe lile mara 30. Hasira nyingi za mashabiki dhidi ya wamiliki zinaanzia hapa, hata zinaposemwa kwa maneno mengine: bahili, mfanyabiashara, hana uchungu na timu.

Wanaowatetea wamiliki husema shabiki hajui hesabu. Anazijua vizuri sana. Anachokataa ni hesabu hizo ndizo ziamue mechi ipi ichezwe kwa nguvu zote na ipi iachwe ipite.

Chukua wiki moja ya Januari. Jumatano kuna nusu fainali ya kombe, Jumamosi kuna mechi ya ligi dhidi ya timu mnayogombea nayo nafasi ya kwenda Ulaya. Kocha anajua kwamba akitolewa Jumatano atalaumiwa siku mbili, na akikosa Ulaya atafukuzwa. Basi anabadilisha wachezaji saba, langoni anasimama kipa wa pili, mabeki wawili wa kati hawajawahi kuanza pamoja msimu mzima. Bao la kwanza linaingia kwa kona kwa sababu hakuna aliyejua nani anamkaba nani. Mshambuliaji mkuu anainuliwa kutoka benchi dakika ya 70, timu ishapigwa mawili. Hakuna kikao kilichokaa kikaamua kombe liachwe. Uamuzi ulishafanyika siku kocha alipoambiwa atapimwa kwa kigezo gani.

Wakati mwingine jambo hili hata halifichwi. Mwaka 2013, enzi za mmiliki Mike Ashley, uongozi wa Newcastle uliwaeleza wawakilishi wa mashabiki kwamba mashindano ya makombe si kipaumbele. Mwaka mmoja kabla, kocha Arsène Wenger aliwaambia wanahisa wa Arsenal kwamba kwake kufuzu Ligi ya Mabingwa ni kombe la tatu kwa ukubwa, likiyatangulia makombe ya ndani. Wenger alikuwa anasema ukweli wa soko. Msimu wa 2024-25, kila klabu iliyoingia hatua ya ligi ya mashindano hayo ililipwa yuro milioni 18.62 kabla ya kugusa mpira, wakati kushinda fainali ya Kombe la FA ni pauni milioni 2 hivi.

Mfano unaopendwa na upande wa wamiliki ni Wigan. Tarehe 11 Mei 2013 waliifunga Manchester City 1-0 pale Wembley na kutwaa Kombe la FA. Siku tatu baadaye wakashuka daraja. Mhasibu ataionyesha hasara hiyo kila mara, na ni hasara ya kweli. Lakini nani anakumbuka aliyemaliza wa 12 msimu ule?

Hoja ya wamiliki ina uzito wake, tena uzito wa makaburi. Leeds United walikopa pauni milioni 60 kwa kuweka rehani mapato ya tiketi ya miaka iliyokuwa haijafika, wakafika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa 2001, wakashuka 2004, na kufikia 2007 walikuwa daraja la tatu. Portsmouth walitwaa Kombe la FA 2008. Februari 2010 wakawa klabu ya kwanza ya Ligi Kuu kuwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi, wakakatwa pointi tisa, na 2013 walikuwa wanacheza daraja la nne. Aliyelipa si mmiliki aliyekopa. Ni mfanyakazi wa uwanjani, mfanyabiashara mdogo aliyekuwa anaidai klabu, na shabiki aliyebaki pale pale. Tena makombe ni machache: klabu 20, ubingwa mmoja. Mmiliki makini anaweza kufanya kila kitu sawasawa na akakosa.

Kinachochanganywa ni hiki: shabiki wa leo hadai Leeds nyingine. Anauliza faida inakwenda wapi.

Hapo Manchester United ndiyo somo refu kuliko yote. Hadi 2005 klabu ilikuwa karibu haina deni. Familia ya Glazer ikainunua kwa takriban pauni milioni 790, sehemu kubwa ikiwa ya mkopo, na mkopo huo ukabebeshwa klabu yenyewe. Kwa maneno mengine, klabu ilinunuliwa kwa fedha ambayo itailipa yenyewe. Tangu hapo, riba, gharama za madeni na gawio kwa wenye hisa vimepita pauni bilioni moja kwa jumla. Hisa zilipoorodheshwa New York Agosti 2012, nusu ya fedha iliyopatikana ilikwenda kwa familia, si kwa timu.

Watetezi watajibu kwamba United walisajili sana, na ni kweli. Pogba peke yake, mwaka 2016, aligharimu pauni milioni 89, na Maguire milioni 80 miaka mitatu baadaye. Kwa hiyo anayelia kwamba “hawatoi fedha” anajenga kesi yake vibaya. Kesi iliyo imara ni kwamba kwa miaka mingi maamuzi ya soka yalikuwa mikononi mwa watu wa benki na udhamini, kila kocha akija na aina yake ya wachezaji, huku uwanja ukichakaa. Tarehe 12 Mei 2024, baada ya mechi na Arsenal, mvua ilipiga Old Trafford na maji yakashuka kutoka kwenye paa kama maporomoko hadi kwenye viti vya watu. Riba hulipwa kwa tarehe, paa husubiri. Ng'ombe alikamuliwa, banda likasahauliwa.

Tottenham ni kesi ngumu zaidi, na inastahili haki. Daniel Levy, mwenyekiti tangu 2001 hadi Septemba 2025, aliacha uwanja wa watu 62,850, miongoni mwa bora duniani, na klabu isiyonusa ufilisi. Lakini msimu wa 2023-24 mishahara ilimeza karibu asilimia 42 tu ya mapato, wakati kanuni za UEFA zinaruhusu gharama zote za kikosi zifike asilimia 70. Majira ya joto ya 2018 hawakusajili hata mchezaji mmoja, na wakamaliza msimu huo kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa wakiwa na kikosi kilichochoka. Mwezi Aprili 2021 walimfukuza kocha Mourinho siku sita kabla ya fainali ya Kombe la Ligi. Mei 2025 kocha Postecoglou aliwapa Ligi ya Europa, kombe lao la kwanza la Ulaya tangu 1984. Siku 16 baadaye akaondolewa. Kwenye uamuzi huu wa mwisho uongozi ulikuwa na hoja, maana timu ilikuwa imefungwa mechi 22 za ligi na kumaliza ya 17. Ila shabiki aliyesubiri kombe lolote tangu 2008 anaona mpangilio: kombe halimlindi kocha, nafasi ndiyo humlinda.

Kuna jambo moja ambalo mashabiki huwatupia wamiliki ingawa nusu ya kosa ni la kanuni. Mchezaji akinunuliwa kwa pauni milioni 60 kwa mkataba wa miaka mitano, vitabuni anaandikwa gharama ya milioni 12 kila mwaka. Baada ya miaka miwili thamani yake vitabuni ni milioni 36. Akiuzwa kwa 40, klabu inaandika faida ya milioni 4 ingawa imepokea pungufu ya ilichotoa. Kijana wa akademia thamani yake vitabuni ni sifuri, hivyo akiuzwa kwa milioni 35, zote 35 ni faida ya msimu huo huo. Kwa kanuni zilizotumika hadi msimu wa 2025-26, Ligi Kuu iliruhusu hasara isiyozidi milioni 105 kwa miaka mitatu, na hesabu za klabu nyingi hufungwa Juni 30. Ndiyo maana mwishoni mwa Juni 2024 Newcastle walimuuza Elliot Anderson, kijana wao wenyewe, kwenda Nottingham Forest. Miezi miwili baadaye United wakamuuza Scott McTominay, waliyemlea tangu utotoni, kwenda Napoli. Msimu huo huo akawa bingwa wa Italia na mchezaji bora wa ligi. Kanuni haimlazimishi mtu kuuza damu yake. Inamlazimisha aliyenunua vibaya kwanza.

Na kwamba faida na makombe vinaweza kukaa nyumba moja, Liverpool wameonyesha. Wamiliki wao walilipa pauni milioni 300 mwaka 2010. Coutinho alipouzwa Januari 2018, fedha ilirudi kikosini pale palipovuja: Van Dijk nyuma, Alisson golini. Ligi ya Mabingwa ikaja 2019, ubingwa wa ligi 2020 na 2025. Lakini hata wao walihitaji kukumbushwa. Februari 2016, tiketi ya juu ilipotangazwa kuwa pauni 77, maelfu ya watu walisimama dakika ya 77 wakatoka Anfield, timu ikiongoza 2-0 dhidi ya Sunderland. Mechi iliisha 2-2. Siku chache baadaye bei ikafutwa na wamiliki wakaomba radhi.

Anayetaka kumtofautisha mmiliki mwangalifu na mnyonyaji asome hesabu za klabu, ambazo Uingereza ziko wazi kwa yeyote bila malipo. Kwanza, mishahara ni asilimia ngapi ya mapato: chini ya 50 kwa miaka mitatu mfululizo huku tiketi zikipanda, hapo pana swali. Pili, fedha iliyotoka kwa riba, gawio na ada kwa kampuni za mmiliki, ikilinganishwa na iliyotumika uwanjani na kwenye akademia. Tatu, madeni ya usajili kwa klabu nyingine, kwa sababu usajili wa kelele wa leo unaweza kuwa malipo ya awamu nne yatakayombana kocha ajaye. Pia atazame tarehe: klabu inayosajili siku ya mwisho ya dirisha la usajili kila mwaka inasubiri bei ishuke, na kocha anaanza msimu na pengo.

Sheria ya Usimamizi wa Soka ya 2025 imeleta msimamizi huru atakayechunguza fedha za wamiliki na kulinda rangi, nembo na uwanja wa klabu. Makombe hayamo, na hayawezi kuwamo. Hilo bado liko mikononi mwa wanaopanga kocha apimwe kwa nini.

Machi 2025 Newcastle, chini ya wamiliki wapya wenye fedha za serikali ya Saudi Arabia (na hilo ni tatizo zito la aina nyingine), waliifunga Liverpool 2-1 kwenye fainali ya Kombe la Ligi, kombe lao kubwa la kwanza la ndani tangu 1955. Mamia ya maelfu ya watu walijaza mitaa kulipokea. Zawadi yake ilikuwa pauni 100,000, na wapo wachezaji wa ligi hiyo wanaolipwa zaidi ya hapo kwa wiki.