Kipimo kimesoma 37, kifuniko cha sufuria kinalia

Kwetu Umoja, Nairobi, Ijumaa usiku, huhitaji saa kujua baa ya ng'ambo ya barabara imefungulia muziki. Kifuniko cha sufuria kwenye rafu ya vyombo huanza kulia: zzz, zzz, zzz, kikifuata besi. Mwimbaji simsikii kabisa. Ukuta na dirisha lililofungwa vimemzuia yeye, besi ikapita.

Nilipolalamika alikuja ofisa na kipimo cha sauti. Akasimama katikati ya sebule, akakiinua, tukanyamaza wote. Kikasoma desibeli 37; desibeli ndicho kizio cha ukubwa wa sauti.

"Mama, kikomo cha usiku ni 35. Umezidiwa na mbili tu. Hapo hakuna kesi."

Nyuma yake kifuniko kinaendelea kulia. Siku hiyo sikuwa na jibu. Leo ninalo.

Sikio la binadamu halizipi sauti zote uzito sawa. Hupokea kuanzia mitetemo kama 20 kwa sekunde, yaani hezi 20, hadi hezi 20,000, lakini lina upendeleo. Tundu la sikio lina urefu wa sentimita 2.5 hivi, na urefu huo huzikuza sauti za karibu hezi 3,000. Ndiyo sababu moja kilio cha mtoto mchanga hukuchoma hata akiwa nyumba ya pili. Kwa sauti nzito sikio ni gumu: sauti ya hezi 50 inahitaji zaidi ya desibeli 40 ndipo uanze kuisikia. Wanasayansi Fletcher na Munson walilichora jambo hili kwa mistari ya grafu mwaka 1933, Marekani.

Vipimo vya kelele vikaundwa kuliiga sikio hilo. Kanuni zetu za Kelele na Mitetemo za mwaka 2009 hutumia desibeli za kipimo A, yaani hesabu inayopunguza sauti nzito kama sikio lifanyavyo, nacho hukata desibeli 30 kwenye sauti ya hezi 50. Desibeli 30 si kitu kidogo: nguvu ya sauti inahesabiwa kama sehemu moja ya elfu. Besi ya desibeli 67 sebuleni kwangu inaandikwa 37.

Sisemi kipimo kinadanganya. Besi kwa kweli tunaisikia hafifu, mradi sauti yake ni ndogo. Tatizo ni kwamba ikishavuka kiwango ambacho sikio huanza kuisikia, inapanda haraka kuliko sauti nyingine. Didjei akiongeza desibeli chache tu, kwangu ni kishindo, na kwenye karatasi namba imepanda kwa tatu au nne tu. Halafu ukuta umeshachuja sauti nyembamba ambazo zingeifunika, kwa hiyo inabaki peke yake gizani, dum, dum, dum, mpaka saa tisa. Matatu yenye besi kama hiyo inapita, inasahaulika. Baa haipiti.

Kuna watakaosema baa inaajiri vijana wa mtaa. Ni kweli, na wawili kati yao nawafahamu tangu wakiwa wadogo. Siombi ifungwe. Naomba ipimwe kwa kipimo kinachoiona besi. Kipimo hicho kipo: kinaitwa C, na kwa hezi 50 hukata desibeli moja na kidogo tu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 ulishaeleza kwamba namba ya C ikizidi ya A kwa zaidi ya 10, sauti nzito zichunguzwe kwa masafa yake, yaani kwa hezi zake. Kanuni zetu ziweke hilo, hasa kwa usiku, hasa kwa majengo yanayopakana na baa.

Mzee wa nyumba ya chini amehamishia godoro lake jikoni, upande usiotazama barabara. Ana miaka zaidi ya 70. Kila Jumamosi asubuhi namkuta kwenye ngazi, macho mekundu, na ananiuliza kama nilipata usingizi.

Vipimo vingi vya mkononi vina kitufe cha kuhama kutoka A kwenda C. Ofisa akirudi, nitamwomba akibonyeze kabla hajaandika namba yake, kisha tushuke wote kwa mzee.