Ganja & Hess: Mnyonya damu msomi na watu anaowanywa

Mwaka 1972 filamu ya Blacula, inayosimulia mwana wa mfalme wa Kiafrika aliyegeuzwa vampaya, ilijaza kumbi za sinema nchini Marekani, na haikuchukua muda kabla ya watayarishaji wengine kutaka yao. Kampuni ndogo ya Kelly-Jordan Enterprises ilimwendea Bill Gunn, mwandishi wa tamthilia na mwigizaji, ikampa dola zipatazo 350,000 na agizo lisilo na utata: itengenezwe filamu ya vampaya mweusi, kwa haraka na kwa bei nafuu. Gunn alizipokea fedha hizo, akaenda kutengeneza kitu ambacho hakuna aliyekiagiza. Filamu aliyoileta, Ganja & Hess ya mwaka 1973, ndiyo ninayoiona kuwa bora kuliko filamu zote za wanyonya damu zilizotengenezwa kwa fedha kidogo, na sababu zangu ni tofauti kidogo na zile zinazotolewa mara kwa mara na wanaoisifu.

Wengi huisifu kwa ubunifu wake wa sura: taswira zinazoelea, muziki unaoingia bila kubisha hodi, hadithi isiyofuata mstari. Yote hayo yapo, na nitayagusia. Lakini kinachonitia hofu mimi kila ninapoitazama ni jambo la kawaida zaidi, nalo ni kwamba mnyonya damu huyu ni tajiri, na wale anaowanyonya ni maskini wa rangi yake mwenyewe.

Hess Green ni msomi wa anthropolojia na jiolojia. Anaishi katika jumba kubwa lenye viwanja vipana, na sehemu hiyo ilipigwa picha Croton-on-Hudson, kaskazini ya jiji la New York. Ana dereva, ana mtumishi wa kumwandalia meza, na nyumba yake imejaa kazi za sanaa. Utafiti wake unahusu Myrthia, ustaarabu wa kale wa watu weusi ambao Gunn aliubuni mwenyewe. Msaidizi wake mpya, George Meda, ambaye anaigizwa na Gunn, anamchoma kwa jambia lililotoka katika ustaarabu huo, kisha anajiua kwa risasi. Hess anazinduka akiwa mzima, na tangu hapo hawezi kufa, wala hawezi kuishi bila damu. Baadaye mke wa Meda, Ganja, anafika kutoka Amsterdam kumtafuta mumewe, na muda si mrefu anageuka kuwa bibi wa nyumba. Nitaueleza hata mwisho wa filamu, kwa kuwa si kazi inayotegemea mtazamaji kutojua kitakachotokea.

Kabla ya jambia kutumika, kuna tukio moja ambalo lingetosha kuthibitisha kwamba Gunn alikuwa na jambo la kusema. Ni usiku. Meda amepanda juu ya mti uliomo uwanjani mwa Hess, amelewa, na kando yake kuna kitanzi cha kamba. Hess anatoka nje na kumsihi ashuke. Hata hivyo, hoja anayoitumia si thamani ya uhai, wala si upendo wa mke aliyeachwa mbali. Anamweleza kwa upole kwamba yeye ndiye mtu mweusi pekee katika mtaa huo, na kwamba ikionekana maiti ya mtu mweusi mwingine hapo, polisi watamjia yeye kwanza na maswali yao. Mtu anataka kufa, na mwenye nyumba anaona usumbufu. Maneno hayo yanachekesha, na kicheko kinakwama kooni, maana Hess hasemi uongo: mali yake yote haimlindi dhidi ya polisi, lakini imekwisha kumfundisha kumtazama mwenzake kama tatizo la majirani. Kamba ikining'inia juu ya mti mbele ya watu wawili weusi wa Marekani haihitaji kuelezewa na mtu yeyote, na Gunn haielezi.

Meda anapojiua, mwili wake unabaki sakafuni bafuni na damu imetapakaa kwenye vigae. Hess anaingia, anatazama, anapiga magoti, kisha anainama hadi uso wake unagusa sakafu na kuanza kuilamba. Hakuna meno marefu, hakuna joho jeusi, hakuna popo anayepita dirishani, na siku zinazofuata atatembea juani kama mtu mwingine yeyote. Kuna mwanamume aliyevaa vizuri, akiwa amepiga magoti mbele ya kitu ambacho dakika chache zilizopita kingemtia kichefuchefu. Wengine watasema kwamba bajeti haikuruhusu zaidi ya hapo. Meno ya bandia ni rahisi sana kuyapata. Gunn aliyaacha kwa sababu alitaka tuone uraibu. Mwanzoni kabisa mwa filamu, Mchungaji Luther Williams, ambaye ndiye dereva wa Hess siku za kazi, anatuambia kwamba bosi wake si mhalifu, ni mraibu wa damu. Maelezo hayo yana huruma ndani yake, na yana pia hatari ambayo nadhani Gunn aliiona vizuri: mraibu mwenye pesa huitwa mgonjwa, na watu wanaolipia ugonjwa wake hawaitwi chochote.

Tazama damu inatoka wapi. Mara ya kwanza Hess anaiba mifuko ya damu katika kliniki, wizi wa kistaarabu usiomlazimu kumtazama mtu usoni. Akiba inapokwisha, anaingia mjini, katika vitongoji ambavyo mtu wa hadhi yake hana shughuli navyo, na huko anawakuta makahaba na kuwadi wao. Mmoja wa anaowaua ni mwanamke mwenye mtoto mchanga. Chumba ni duni, mwanamke ameshakufa, na mtoto analia. Gunn hatupi muziki wa kutuelekeza tuhisi nini, na Hess haadhibiwi. Anarudi kwenye jumba lake lenye vitabu na mvinyo, na hakuna polisi wanaogonga mlango kuuliza habari za mwanamke yule, yaani polisi wale wale ambao Hess aliwaogopa kwa ajili ya maiti moja ya msomi. Mimi sijui filamu nyingine ya kutisha ya miaka hiyo iliyothubutu kusema waziwazi kwamba undugu wa rangi hautoshi kumzuia mwenye nacho asimle asiye nacho.

Msomaji wa Afrika Mashariki hatapata shida kuielewa hoja hiyo, kwa kuwa mnyonya damu wa kwetu hakuwahi kuwa maiti inayotoka kaburini usiku. Simulizi za mumiani, na zile za wazimamoto zilizoenea Nairobi na Kampala enzi za ukoloni, na ambazo mwanahistoria Luise White alizichambua katika kitabu chake cha mwaka 2000, zilihusu watu wenye ajira. Walikuwa na sare, walikuwa na gari, walikuwa na mabosi waliowatuma, na damu waliyoichukua ilikwenda kwa wakubwa. Aliyekamatwa alikuwa mtu wa chini aliyepita mahali pabaya saa mbaya. Watanzania waliokua wakisikia redioni na mikutanoni kuhusu kupe na mirija ya wanyonyaji, miaka ile ile ambayo Gunn alikuwa akipiga filamu yake, wangemtambua Hess Green mara moja, pamoja na suti yake. Sidai kwamba Gunn alizijua simulizi hizi. Ninachosema ni kwamba hofu aliyoishika ipo karibu zaidi na mumiani kuliko ilivyo karibu na Dracula.

Sasa kuhusu uhaba wa fedha, kwa sababu unaonekana, na sioni haja ya kuuficha. Picha ina chembechembe na mara nyingine giza linameza nusu ya uso wa mwigizaji. Sauti ni tatizo la kweli: kuna mazungumzo ambayo hata baada ya filamu kurekebishwa yanakupasa kutega sikio au kurudisha nyuma. Sehemu ya katikati inapoa, na mtumishi Archie, ambaye Ganja anamdhalilisha kwa namna inayosema mengi juu ya matabaka, angestahili kupewa nafasi zaidi ya aliyopewa. Wapo wanaopenda kuyaita mapungufu haya mtindo. Mengine ni mapungufu tu.

Lakini uhaba huo huo uliwalazimisha kutegemea nyuso, na hapo Gunn hakubahatisha. Hess ni Duane Jones, yule yule aliyekuwa mwigizaji mkuu wa Night of the Living Dead ya mwaka 1968, filamu nyingine iliyotengenezwa kwa pesa za kuungaunga, na utulivu wake wa kisomi unafanya kila unyama anaoutenda uonekane kama uamuzi wa busara. Muziki ni wa Sam Waymon, mdogo wake mwimbaji Nina Simone, ambaye pia ndiye anayeigiza Mchungaji Williams. Kwa hiyo sauti ya filamu na dhamiri ya filamu zimo mikononi mwa mtu mmoja, na nyimbo za kanisani zinapopishana na wimbo wa kazi wa Kiafrika unaomwita Hess kila kiu inapomshika, mtazamaji anahisi mvutano ambao mandhari ya mamilioni ya dola yasingeuleta. Mpiga picha James Hinton anaingia na kamera kati ya waumini mpaka unaona jasho na machozi yao. Ni dakika ambazo filamu ya kutisha inaacha kutisha na kuwa ibada, bila kumcheka mtu.

Na yupo Ganja. Marlene Clark anaingia katikati ya filamu na kuichukua yote. Anamgundua mumewe akiwa ameganda ndani ya friza katika chumba cha mvinyo chini ya nyumba, anapatwa na mshtuko, anamkabili Hess, na baadaye kidogo anakubali kuolewa naye. Ingekuwa rahisi kumhukumu kama mwanamke mwenye tamaa, na filamu nyingi zingeishia hapo. Gunn anampa badala yake hotuba ndefu, kamera imetulia usoni mwake, ambamo anasimulia jinsi mama yake alivyokataa kumwamini siku moja ya theluji utotoni, na jinsi yeye mwenyewe alivyoamua tangu siku ile kwamba kazi yake duniani ni kumtunza Ganja, kwa njia yoyote itakayohitajika. Baada ya hapo haiwezekani kumwita mwathirika wala mhalifu kwa urahisi. Hess anapochoka na uhai wake wa milele, anakwenda kanisani kwa dereva wake, anatubu, kisha anarudi nyumbani kufa chini ya kivuli cha msalaba, kwa kuwa ndiyo dawa pekee ya ugonjwa huo. Ganja, ambaye Hess amekwisha kumgeuza kuwa kama yeye, anakataa kumfuata. Anabaki na jumba, na kijana ambaye yeye Ganja alimuua anafufuka na kumjia mbio, uchi, na Ganja anatabasamu. Nimesikia watu wakiulaumu mwisho huo kwa kukosa maadili. Kwangu ndio sehemu ya ukweli kuliko zote: mwenye mali aliyeshiba ana nafasi ya kutubu, na aliyeipata jana hana haraka hiyo.

Watayarishaji hawakufurahi. Filamu ilichaguliwa kuonyeshwa katika Wiki ya Wahakiki ya tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 1973, ikiwa ya pekee kutoka Marekani, lakini New York haikudumu kwenye ukumbi. Mwezi Mei mwaka huo Gunn aliandikia gazeti la New York Times barua ya hasira kuhusu wahakiki weupe na namna walivyoipokea. Haikusaidia. Filamu iliuzwa, ikakatwa hadi dakika 78, ikapewa jina la Blood Couple, na ikasambazwa kama bidhaa ile ambayo watayarishaji walikuwa wameiagiza tangu mwanzo. Gunn aliondoa jina lake. Kilichoiokoa ni nakala kamili iliyokuwa imehifadhiwa na Makumbusho ya Sanaa za Kisasa mjini New York, ambayo ndiyo iliyokuja kutumika baadaye kuirejesha kama alivyoiacha. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1989, mwaka mmoja baada ya Duane Jones.

Mwongozaji Spike Lee aliitengeneza upya mwaka 2014 kwa jina la Da Sweet Blood of Jesus, kwa michango ya zaidi ya dola milioni 1.4 aliyoikusanya kwa mashabiki kupitia Kickstarter. Anaifuata hadithi karibu hatua kwa hatua, picha zake ni safi, kila neno linasikika, na bado sikuona ndani yake hatari yoyote. Lee anampenda Gunn, hilo halina shaka, ila mapenzi hayo yamemfanya anakili maneno ya mtu aliyekuwa akisema kwa kubanwa, huku yeye mwenyewe akiwa hajabanwa na yeyote.

Anayetaka kuitazama aangalie kwanza urefu wa nakala aliyoipata. Ile iliyokatwa bado inazunguka kwa majina mbalimbali, nyingine zikiwa na vampaya mwenye meno kwenye jalada. Filamu ya Gunn inakaribia saa mbili. Ikiwa nakala yako inaisha kabla ya dakika 80, hiyo ni kazi ya watayarishaji wake, na sioni sababu ya kuipotezea jioni.