Minyoo ya kichocho kwenye skana: picha ya panya itufae vipi Pemba?

Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walichapisha picha za minyoo ya kichocho iking'aa ndani ya panya aliye hai. Panya alidungwa sukari yenye mionzi, minyoo ikaila, skana ya PET, inayonasa mionzi itokayo mwilini, ikaonyesha ilipo.

Wanaotaka njia hii ifike kwa wagonjwa wana hoja nzito. Mbinu nyingi za maabara huishia kwa panya: mwanga wa kimeng'enya cha kimulimuli (kile kinachomfanya mdudu huyo ang'ae) hupenya mwili wake mdogo, ila kwa mtu hufifia ndani ya sentimita chache za nyama. PET haina kikwazo hicho, na sukari ileile hutumika kwa wagonjwa wa saratani. Nasi kipimo kikali tunakihitaji kwelikweli. Baada ya miaka ya kugawa dawa skuli na majumbani, wengi waliobaki na kichocho Unguja na Pemba wana mayai machache mno kwenye mkojo, na kuuchuja hakuwanasi wote.

Tatizo ni kwamba minyoo ya wale panya ni ya kichocho cha tumbo, inayokaa kwenye mishipa ya utumbo. Chetu ni cha kibofu. Sukari ile hutolewa na figo, kwa hiyo kibofu kikijaa mkojo hung'aa chenyewe kuliko chochote kilicho jirani. Mnyoo uliojibanza kwenye mishipa ya pembeni utaonekanaje? Kwangu mimi hoja inakwama hapo, kabla ya kutaja gharama, au kwamba nusu ya mionzi hiyo huisha kila dakika 110, na boti ya kuileta sukari hiyo kutoka Dar hadi Unguja tu ni karibu saa mbili.

Altrasaundi haiuoni mnyoo. Huona ulichoharibu: ukuta wa kibofu ulionenepa, vinundu, figo iliyojaa maji. Lakini mashine yake hupakiwa garini hadi kijijini. Mtoto hunywa maji, kibofu kikajaa, akapakwa jeli tumboni, jibu likatoka hapohapo bila mionzi.

Hata hivyo sitaki skana ya panya izimwe. Prazikwanteli, dawa tunayoitegemea, haiui vizuri minyoo michanga. Anayetafuta dawa mpya anaweza kumpiga picha panya yuleyule wiki baada ya wiki bila kumchinja, akaona kama minyoo inapungua. Kazi hiyo PET inaiweza, na dawa itakayopatikana inaweza kufika mji wa Mkoani, Pemba, kwenye kopo.