Changanua ya kukariri

Wiki jana nilikuwa namsaidia mpwa wangu hapa Umoja na kazi ya fasihi, swali lilikuwa ni la kuchanganua dhamira ya mwandishi, nikajua leo tutaumiza kichwa. Kumbe yeye ashafungua mwongozo wa River Road, kile kijitabu cha majibu tayari, hoja saba, anazikariri kama namba ya simu. Kuchanganua gani huko sasa?

Nimefundisha miaka kadhaa na hapo ndio mi hukosana na watu wa ngazi za Bloom, zile za kupanga maswali kulingana na kiwango cha kufikiri. Benjamin Bloom na wenzake Marekani walizitoa 1956: kujua, kuelewa, kutumia, kuchanganua, kuunganisha, kutathmini. Walikuwa watahini wa vyuo vikuu, walitaka lugha moja ya kupanga maswali ili waweze kubadilishana. 2001 Anderson na Krathwohl wakazigeuza vitenzi, kubuni ikapanda juu kabisa. Sawa. Lakini sisi tulichobeba ni vile vitenzi tu, unaandika kwa andalio la somo "mwanafunzi aweze kuchambua", mkubwa anapita, anaona umepanda ngazi, anapiga sahihi.

Na ngazi haiko kwa kitenzi! Iko kati ya swali na kile mtoto ashaona. Waulize tu "kwa nini" juu ya shairi hawajawahi kusoma, utaona watu wakikuna kichwa. Waambie "tathmini" kitu uliwasomea imla Jumatatu, hiyo ni kukumbuka imevaa suti. Makanga wa Jogoo Road naye, noti tatu mkononi, mmoja anashukia Donholm, mwingine anadai chenji ya mia tano na alitoa mia mbili, yote anaimaliza kabla stegi ifike na hakuna mtu alimwandikia kitenzi.

Halafu kuna hii "kuchangamkia" ya mtaala mpya, kila mada mtoto achangamkie, yaani aonyeshe ameipenda. Upande wa hisia si upuuzi, Krathwohl na Bloom waliutolea kitabu kizima 1964, ila darasa la watoto 60 unaweka alama ya kuchangamka aje? Mi nilikuwa naandikia wote "kufikia matarajio" naenda nyumbani.

Huyo mpwa wangu nilimnyang'anya mwongozo nikamuuliza, we ungekuwa yule mama wa hadithi ungetoroka ama ungebaki? Akanyamaza kitambo. "Ningebaki, anko, juu ya mbuzi. Angewaachia nani?" Nikapitia hoja zote saba, mbuzi hawako.