Abushiri kitanzini: alinyongwa kwa kosa gani?

Tarehe 15 Desemba 1889 Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim mjini Pangani. Tangu hapo anavutwa huku na huku. Kuna wanaomtukuza kama shujaa aliyeongoza watu wa Mrima, yaani pwani ya bara inayoelekea Zanzibar, kuupinga ukoloni, na kuna wanaomwona mwenye shamba aliyepigania mali yake, watumwa wakiwemo.

Tuhuma dhidi yake hazikutungwa. Alikuwa na shamba la miwa karibu na Pangani, na miwa ya bonde lile ililimwa kwa jasho la watumwa. Mwaka 1888 aliwateka wasafiri Hans Meyer na Oscar Baumann, akawaachia baada ya kulipwa fedha. Mwaka uliofuata watu wake walikivamia kituo cha Wajerumani cha Mpwapwa, na Mjerumani mmoja akauawa. Anayemwita mkombozi wa wanyonge amewasahau waliokata miwa shambani kwake, na hilo linaniuma.

Hata hivyo, tuangalie vita vilianzaje. Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar aliikabidhi kampuni ya Kijerumani utawala wa pwani, bila wenyewe kuulizwa. Agosti, wakala wa kampuni, Emil von Zelewski, akapandisha bendera yake Pangani kwa ubabe, na mji ukachemka. Wajerumani waliviita vita vya Waarabu, lakini waliosimama walikuwa pia majumbe wa Kishirazi, Wazigua, Wabondei, hata wapagazi wa Kinyamwezi. Sultani alipomtuma jenerali wake, Lloyd Mathews, kutuliza mambo, naye alifukuzwa. Abushiri aliukuta moto umeshawaka, akaushika uongozi wake.

Huko Berlin, Bismarck, kansela wa Ujerumani, alihitaji sababu ya kuliomba bunge fedha, na utumwa ukawa sababu nzuri. Januari 1889 ziliidhinishwa marki milioni 2 kwa jina la kukomesha biashara hiyo. Afisa wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, akaja na askari wa Kisudani waliokusanywa Misri pamoja na wengine kutoka Msumbiji. Mwezi Mei aliivunja boma ya Abushiri karibu na Bagamoyo. Abushiri akakimbilia bara, akapigana tena, akashindwa, na mwishowe jumbe mmoja akamtia mikononi mwa adui.

Kama kitanzi kile kilikuwa cha kulipiza utumwa, tungetegemea utumwa nao ufuate kitanzini. Haukufuata. Wajerumani hawakuufuta katika koloni lao hadi walipoondoka. Uliharamishwa na Waingereza mwaka 1922, miaka 33 baada ya Abushiri kuzikwa. Halafu mtazame Bwana Heri wa Saadani. Alipigana vita hivyohivyo, akajisalimisha mwaka 1890, akasamehewa. Tofauti yake na Abushiri haikuwa usafi wa mikono. Wissmann alikuwa na mfungwa mmoja wa kutishia pwani nzima, na baadaye mzee mmoja mwenye heshima ambaye angeweza kumsaidia kuituliza.

Kwa hiyo namhesabu Abushiri kuwa kiongozi wa vita aliyeuawa na wavamizi kwa sababu za kivita. Wanaosema alimiliki watu wasinyamazishwe, maana wanasema kweli. Bali ukweli huo si hati ya hukumu aliyonyongewa.