Mtutu Uliochongwa Jina la Ilion

Juzi, tulipokuwa tukitoka kanisani hapa Utica, jimbo la New York, kaka mmoja ninayemheshimu alinishika mkono na kuniambia, uso ukimng'aa, kwamba Mungu amejibu maombi: kiwanda cha bunduki cha Remington cha pale Ilion, kijiji cha karibu, kimefungwa, na bunduki zimepungua duniani. Nilimwitikia kwa adabu kwa sababu ni mkubwa wangu, lakini neno lile limenikaa kifuani tangu siku hiyo.

Nikiri mapema kwamba sina bunduki wala siitaki. Nimekulia Kasulu, na nilizijua bunduki kupitia watu waliovuka ziwa wakizikimbia. Wengi wetu tunaozungumza Kiswahili katika mji huu tumepitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma au Dadaab, wala hatuhitaji kufundishwa risasi inafanya nini. Nakiri pia, tena bila kupunguza hata nukta, kwamba bunduki iliyowaua watoto 20 na watu wazima 6 katika shule ya Sandy Hook mwaka 2012 ilitoka katika kundi la makampuni ambamo Remington ilikuwamo, na familia tisa zilizoshtaki zilistahili kila senti ya dola milioni 73 walizolipwa mwaka 2022.

Ila bunduki, kaka yangu, hazikupungua hata moja. Mwenye kampuni alitangaza mwishoni mwa 2023 kwamba anahamishia kazi LaGrange, jimbo la Georgia, na Machi 2024 milango ya Ilion ikafungwa. Kama hayo ndiyo majibu ya maombi, basi yamepelekwa kusini kwa lori.

Kilichokufa ni kitu kingine. Eliphalet Remington alifua mtutu wake wa kwanza mwaka 1816 katika karakana ya uhunzi ya baba yake, na mwaka 1828 akaishusha kazi hiyo hadi kando ya mfereji wa Erie, mahali ambapo baadaye pakaitwa Ilion. Kuanzia hapo, kwa karibu miaka 200, kijiji kile ambacho leo hakifikishi watu 8,000 kilikuwa kikiwalea mafundi wa chuma, baba akimwachia mwana nafasi yake kwenye mashine. Hawakutengeneza bunduki peke yake. Mkataba wa mwaka 1873 uliwapa kazi ya kuunda taipureta, na mpangilio wa herufi wa mashine zile ndio uliomo katika simu ya huyo kaka yangu, anaponitumia aya za Biblia alfajiri.

Jirani yangu alifanya kazi pale zaidi ya miaka 30. Siku moja aliniwekea mezani, juu ya kitambaa cha jikoni, bunduki yake ya kuwindia kulungu, Model 700, ambayo kampuni ilianza kuiuza mwaka 1962. Kitako chake ni cha mti wa jozi, kimepauka pale shavu lake lilipokuwa likiegemea kila Novemba. Aliivuta komeo nyuma na kuisukuma mbele, ikateleza bila kukwaruza. Akaniambia kwamba ulaini ule haumo katika mchoro wowote, bali umo kidoleni mwa mtu anayejua aishie wapi kusugua. (Ndiyo, najua kwamba kifyatulio cha Model 700 kililalamikiwa miaka mingi mahakamani. Jirani yangu naye anajua, na hapendi kuulizwa.)

Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba kiwanda kimehama, kana kwamba ni kabati. Ushahidi ninao, na wa kusikitisha zaidi ni kwamba Ilion yenyewe iliwahi kuwa upande wa wanaopokea. Remington waliinunua Marlin, kampuni ya tangu 1870, kisha wakafunga kiwanda chake cha North Haven, Connecticut, na kuisafirisha mitambo yake hadi Ilion. Mafundi wa Marlin hawakusafirishwa. Bunduki zilizotoka baada ya hapo zilikuwa na mbao zisizokutana na chuma na vilengeo vya shabaha vilivyokaa upande, hata wawindaji wakazibandika jina la kejeli. Miaka ikapita kabla hazijarudi kuwa bunduki za kuaminika. Waliohamisha mashine waliukuta ujuzi umebaki nyuma, katika nyumba za watu waliokwisha kuachishwa kazi. Leo zamu hiyo imeifikia Ilion.

Na nani aliyewafikisha hapo? Viongozi wanalaumu sheria za silaha za New York, na sikatai kwamba zilimpa mwenye kampuni kisingizio kizuri. Lakini mwaka 2007 Remington ilinunuliwa na Cerberus, watu wa fedha wa jijini New York, wakairundikia makampuni mengine na madeni, hadi ikafilisika mwaka 2018 na tena mwaka 2020. Huntsville, Alabama, waliahidiwa ajira 2,000 ambazo hazikutimia. Mafundi 585 wa Ilion walifukuzwa Oktoba 2020 bila kiinua mgongo. Sheria ipi ya silaha iliyoamuru hayo? Aliyekula nyama hayumo katika orodha ya wanaolaumiwa. Tunaachiwa sisi tubishane kuhusu mifupa, mmoja akishangilia kanisani na mwingine akiilaani serikali kwenye baa.

Kabla hajaifunika bunduki yake, jirani yangu aliniomba nisogee dirishani, akaupitisha ukucha wa kidole gumba juu ya maandishi ya mtutu, herufi moja baada ya nyingine, mpaka alipofika kwenye neno Ilion. Akaniuliza kama naweza kulisoma bila miwani. Nikalisoma kwa sauti, naye akaifunga ndani ya kitambaa.