Sina Ugomvi na Mtu

Muulize mtu wa hapa Kigoma anaishije na majirani zake, mara nyingi atakujibu: "Mimi sina ugomvi na mtu." Analitamka kwa fahari, kama anakuonyesha cheti. Nami nimelisema miaka mingi. Ila hata mchikichi ulio nyuma ya nyumba yangu hauna ugomvi na mtu, na wenyewe angalau unatoa mawese.

Aliyenizindua ni mama wa nyumba ya pili. Nilikuwa nimenunua dagaa wabichi Kibirizi, nikawaanika kwenye wavu uani, nikaenda kazini. Saa saba mchana mvua ikashuka, zile za Novemba zisizobisha hodi. Aliyewahi kuanika dagaa anajua: wakilowa kabla hawajakauka wanaanza kunuka, mwisho wake ni kuwamwagia kuku. Nilirudi jioni nimeshakata tamaa, nikawakuta barazani kwake, wametandazwa juu ya turubai, wakavu. Uani kwake kanga tatu zilikuwa bado kambani, zinachuruzika maji.

"Kanga zitakauka kesho," akasema.

Nililala vibaya. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, mimi hufagia mtaro hadi ukuta wangu unapoishia. Ufagio wangu unajua mpaka kuliko mpima ardhi. Takataka zilizolala hatua mbili mbele, upande wa huyo mama, naziacha. Msiba ukitokea, jina langu halikosekani kwenye daftari la rambirambi. Turubai likishakunjwa na sufuria zikarudishwa kwa wenyewe, mimi tena sionekani.

Yeye nilishawahi kumwona akifanya zaidi, nikapita tu. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Sibishani na hilo. Wavuvi wetu wamezoea kupumzika siku za mbalamwezi, maana dagaa huvutwa kwa taa gizani, lakini miezi mitatu si mbalamwezi. Kuna nyumba mtaani zilianza kuchelewa kuwasha moto. Huyu mama alimtuma mtoto na unga wa muhogo kwenye nyumba moja, na maneno haya: "Mama anasema kanunua mwingi, utamharibikia." Unga mkavu wa muhogo uharibike kwa wiki moja! Kila mtu alijua ni uongo, na uongo huo ndio uliomwezesha baba wa watu kuupokea bila kuinamisha kichwa. Kutoa unga hata mimi ningeweza. Kuutungia sababu nisingekumbuka.

Wapo watakaosema kuvuka mpaka namna hii ni kuingilia maisha ya watu, na umbea unaingilia mlango huo huo. Nakubali. Anayeingia uani kuokoa dagaa wako anaweza kutoka na habari za sufuria yako. Mimi heri nisengenywe dagaa wangu wakiwa wakavu.

Jumamosi ya usafi iliyopita nilivuka ukuta, nikazoa mtaro hadi mlangoni kwake. Akatoka na kikombe cha chai mkononi, akanitazama, akautazama mtaro.

"Jirani, kwani leo anapita mkuu wa mkoa?"